Zamu ya Shimo la Ulanga

Kiwanja cha Mbwawa kilikuwa tambarare kiasi kwamba ndoo ya maji iliyojaa ungeiweka popote isimwagike. Lakini Evodius alikipanda.

Salehe, msaidizi wake, ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameshika ncha ya mkanda wa kupimia upande wa pili, akamwona bosi wake anakuja ameinama mbele, anainua magoti juu kama mtu anayepanda ngazi ndefu, mkono mmoja unatafuta hewani kitu cha kushika. Hatua ishirini zilimchukua dakika kumi. Alipofika alikuwa amelowa jasho, pumzi zinamtoka kwa mluzi. Mwenye kiwanja, mama mmoja mtumishi wa serikali aliyeomba ruhusa ya nusu siku kazini, akauliza kama ameletewa mlevi.

Evodius alikasirika, akasema ni jua. Akapima tena, mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila mara upande uleule ulitoka mrefu zaidi. Akautupa mkanda chini. Miaka kumi na tisa alikuwa mpima ardhi Kibaha, na hakuna aliyewahi kubishia bikoni yake, lile jiwe la mpaka analolisimika mpima.

Salehe alipoinama kuuokota mkanda alisikia harufu ya udongo mbichi wa chini sana, ule unaotoka watu wakichimba kisima. Ilikuwa inatoka kinywani mwa bosi wake.

Nyumbani Mkuza, mkewe Adventina, mwalimu wa shule ya msingi, alikwishaijua harufu ile. Wiki ya tatu sasa alikuwa akiikung'uta kwenye mashuka, pamoja na vipande vyembamba vya ulanga, lile jiwe linalobanduka kama magamba ya samaki na kumetameta.

Yote yalianza Uluguru. Evodius alikuwa na hamu ya kufika kileleni kabla hajatimiza miaka hamsini. Mara mbili alikwenda akarudishwa na ukungu. Mara ya tatu akamchukua mkewe, wakapata mwongozaji wa kulekule, mtu wa makamo aitwaye Abdala. Njia ile inapita kwenye mashimo ya zamani ya ulanga yaliyochimbwa enzi za mkoloni na kuachwa wazi ubavuni mwa mlima. Abdala aliwaambia wapite pale kimya, na mtu akisikia jina lake asiitike. Mwenzake akimtaka atakuja amguse bega.

Ukungu ukashuka tena. Kwa saa mbili waliteleza kwenye mizizi, hewa haiwatoshi kifuani, na kifaa cha Evodius cha kupimia umbali kilionyesha kwamba wamesogea mita mia tatu tu. Alitukana mlima. Alitukana viatu vyake. Ndipo aliposikia anaitwa kutoka juu, mara moja, kwa upole, kama msimamizi anavyomwita kibarua wake. Adventina alikuwa nyuma yake, Abdala alikuwa kando anafunga kamba ya begi. Evodius, kwa hasira na uchovu, akapaza sauti.

"Nakuja!"

Abdala alisimama wima. Alisema safari imekwisha, akawageuza palepale, na njia nzima ya kushuka Evodius alimgombeza kwa kumnyang'anya kilele chake.

Tangu siku hiyo hakupumzika. Kila alipofumba macho, hata kitini baada ya chakula cha mchana, alikuwa kwenye ile njia, mgongoni ana mzigo, anapanda na hafiki. Aliamka amechoka kuliko alivyolala, kucha zimejaa ulanga. Hospitalini walimpima moyo na mapafu, wakamwambia ni mzima. Padre alikuja kuiombea nyumba, Evodius akapata nafuu siku mbili, kisha mlima ukarudi. Baada ya aibu ya Mbwawa, Salehe alimweleza taratibu kwamba ana shangazi yake Kisarawe anayejua mambo haya. Evodius akamkatalia kwa ukali, akasema yeye ni Mkristo na ni mtu wa vipimo.

Kilichomgeuza kilitokea Jumapili, wametoka kanisani. Evodius alisinzia kwenye kochi, na Adventina, aliyekuwa anachambua mchele mezani, akasikia chini ya sakafu nyundo ikigonga jiwe, pole pole, kisha nyingine ikiitikia, kisha nyingi, na harufu ya udongo ikapanda mpaka ikamkaba koo, na miguu ya mumewe ikaanza kwenda palepale kwenye kochi, moja baada ya nyingine, kwa kujikokota, huku mabega yameshushwa na uzito usioonekana, naye akaacha ungo na kumkimbilia, akamtikisa, akamwita Baba Blessing, akamwita kwa jina la ubatizo, na midomo yake ikafunguka macho yangali yamefumbwa, ikatoka sauti kavu ambayo haikuwa yake.

"Mwanamke, usimwamshe. Yuko kazini."

Kesho yake walikwenda Kisarawe na Salehe. Shangazi huyo, Bi Mwanaamina, alikuwa mzee mwembamba, anaishi peke yake nje kidogo ya mji. Walimwamkia, akaitikia marahaba, akafukiza ubani na kusikiliza bila kukatiza. Adventina alimwomba amtoe huyo jini aliyemwingia mumewe. Mzee akatikisa kichwa.

"Huyu hajamwingia," alisema. "Mumeo ndiye aliyeingia kwake."

Akawafahamisha kwamba mashimo yale yaliachwa na wachimbaji, lakini aliyekuwa akiyasimamia chini hakuondoka. Anaita wafanyakazi. Evodius alisema anakuja, kisha akageuka. Basi anachukuliwa kila akilala, na kwa kuwa miguu yake imebaki kitandani hafiki kamwe. Hapakuwa na dawa ya kunywa. Arudi kwa miguu yake, mchana, afike, aseme amefika na anaondoka. Akiulizwa lolote asijibu, hata kwa kuguna.

Evodius aliuliza kwa kinyongo kama hakuna njia fupi. Bi Mwanaamina aliongeza ubani kwenye makaa.

Huko Uluguru, Abdala alikubali kuwafikisha mwanzo wa mashimo. Mbele ya hapo walikwenda wawili, Adventina amefunga mkono wake na wa mumewe kwa kanga. Palikuwa kama kilomita moja. Walitembea tangu saa tatu asubuhi, wakaupita mti uliopasuliwa na radi, wakaupita tena, na Evodius akauma meno kwa hasira mpaka taya likamuuma, kwa sababu jiwe alilolikanyaga sasa hivi lilikuwa mbele yake tena, na ukungu ulikuwa mzito hata kanga haikuonekana, na sauti ikaanza kumwita, kwanza ile ya upole, kisha sauti ya Adventina kutoka mbali juu ingawa mkono wa Adventina alikuwa ameushika, kisha sauti ya binti yao Blessing, aliyekuwa shule ya bweni, akilia kwamba ameanguka, baba, njoo, na Evodius akalia pia lakini hakufungua mdomo, akazidi kupanda, hatua kwa hatua, mpaka ardhi chini ya viatu ikaanza kumetameta na shimo likawa mbele yao.

Ndani nyundo zilikuwa zinagonga.

"Nimefika," alisema Evodius kwa sauti ya chini. "Sasa naondoka."

Nyundo zikanyamaza zote kwa pamoja. Wakasikia mtu akishusha pumzi, kama aliyekaa chini baada ya kazi ya miaka mingi.

"Haya," ikasema ile sauti kavu. "Nani anapokea zamu?"

Evodius alivuta pumzi. Yalikuwa mazoea tu ya mtu aliyelelewa kujibu akiulizwa. Adventina akamziba mdomo kwa kiganja, Evodius akajiuma midomo mpaka akaonja damu, na hivyo wakashuka.

Alasiri ile Evodius alilala nyumbani kwa Abdala kwa muda wa saa kumi na nne, miguu imetulia. Wiki iliyofuata alipima kiwanja cha Mbwawa mara moja, na pande zote zikakubali.

Walirudi Kisarawe kushukuru. Bi Mwanaamina aliwauliza sauti ilisema nini mwishoni, wakamweleza.

"Mkajibu?"

"Hapana, bibi. Hatukujibu."

Mzee akauzima ubani.

"Basi bado anauliza," alisema.

Mwezi Aprili, katikati ya masika, mama yake Adventina alisafiri kutoka Bukoba bila kuwaarifu. Alifika getini saa nne asubuhi, mvua inamwagika, akapiga hodi, kisha akawaita kwa majina. Walikuwa nyuma ya mlango, wameshikana mikono, midomo imefumbwa. Sauti ilikuwa yake kabisa, na hilo ndilo lililowatisha. Aliita mpaka akakauka koo. Jirani ndiye aliyetoka na mwavuli, akamfikisha hadi dirishani, wakamwona.

Bibi huyo aliketi sebuleni akitiririka maji, haamini kwamba walikuwemo ndani.

"Mmekuwa watu gani ninyi?" aliuliza.

Adventina alipiga magoti kumvua viatu vilivyolowa.