Sauti ya Kuazima

Sogeeni huku, na wa mwisho aurudishie mlango, maana haya hayasimuliwi mlango ukiwa wazi.

Binti mmoja alipata miezi sita ya mafunzo ya kazi nchi za watu, kwenye makao makuu ya shirika moja la kimataifa. Jengo la vioo juu hadi chini, mazulia yanayomeza nyayo, watu wanapita na vikombe vya kahawa mkononi kama waliozaliwa navyo. Alitaka kuwa mkalimani. Yaani mkubwa anasimama mbele anasema kwa lugha yake, naye amekaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, anayageuza yale maneno yaingie masikioni mwa wengine. Mama yake alishatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe atakula kwa sauti yake.

Kila asubuhi kabla ya mkutano alipita kiti kwa kiti kujaribu hedifoni. Viti mia mbili. Chaneli sita za mwanzo zilikuwa na lugha, ya saba haikuwa na kitu. Asubuhi moja akashika hedifoni ya kiti cha mia na kumi na nne, akaikuta ina joto. Joto la sikio la mtu. Na ukumbi ulikuwa umefungwa tangu jana.

Akaifuta kwa kitambaa, akaendelea na kazi.

Mwalimu wake alikuwa mkalimani mkongwe, mwanamke wa kwao, waliyezoea kumwita Mama Kibanda. Huyu mama kila akimaliza zamu alizima kipaza sauti, akajigonga kifuani, akanong'ona, "Ya watu yamekwisha. Sasa ni mimi."

"Unajitambulisha kwa nani, Mama Kibanda?" binti alimcheka.

"Cheka tu. Kutwa nzima nasema mimi waziri, mimi balozi, mimi nimesikitishwa sana. Usipoufunga mdomo wako, kuna wanaoukuta wazi."

"Wangu hata sijaanza kuukodisha."

"Basi usiutoe bure."

Mwezi wa tatu bibi yake akafariki. Nyumbani wakamwambia asije, akiondoka nafasi atapewa mwingine. Akalia chooni, akanawa uso, akarudi kugawa makaratasi ya mkutano. Saa ya chakula, ukumbi mtupu, akaenda kukaa kiti kile cha mia na kumi na nne. Akavaa hedifoni, akasogeza kitufe hadi saba. Alitaka kimya tu.

Akasikia ufagio unafagia uani. Halafu kikohozi anachokijua.

"Mke mwenzangu, umekula?"

Ndivyo bibi alivyokuwa akimwita, kwa utani wao. Na mtoto aliyelelewa, akiitwa na mkubwa wake haulizi wewe nani. Anaitika.

"Abee, bibi."

Ikawa kila siku mchana. Anakula mkate wake haraka, anakwenda kukaa na bibi. Ila sauti ya bibi ilizidi kukwaruza, mpaka siku moja ikasema, "Yangu imechakaa, mke mwenzangu. Niazime yako."

Wewe ungemnyima bibi yako?

"Chukua, bibi."

Hedifoni ikapata moto hadi akaivua. Ukumbi mzima ukanuka moshi wa kuni zilizomwagiwa maji.

Kesho yake fundi mitambo akamwita ajaribu vipaza sauti. "Ongea, dada."

"Si naongea."

"Kwa masikio nakusikia. Mashine ndiyo haikusikii. Taa haiwaki kabisa."

Wakabadilisha kipaza sauti, wakabadilisha waya, bure. Simu nayo vilevile. Akimpigia mama yake anasikia haloo, haloo, kisha inakatwa. Siku ya tatu mama akapiga mwenyewe.

"Mbona leo umenyamaza? Jana tumeongea mpaka simu ikaisha chaji. Haya, chumba cha bibi nimeshakitandika. Si umesema mchana huu unafika?"

Binti akapiga kelele mpaka koo likauma, na mama akaendelea kuuliza haloo, upo, akakata. Na kumwandikia ujumbe kusingesaidia, maana mama hakusoma, maandishi kwake yalikuwa nyayo za kuku, na mchana huo alikuwa peke yake nyumbani. Basi binti akakimbia ngazi kwa ngazi, yale mazulia yakimeza nyayo zake kana kwamba hayupo, mpaka kibandani kwa Mama Kibanda, akamweleza yote.

Mama Kibanda hakumgombeza. Alifunga mlango wa kioo, akachukua simu.

"Sikiliza. Lililo na sauti yako linajua kila ulichowahi kukitamka. Usichokitamka halikijui. Na haliingii nyumbani kwa watu bila kukaribishwa. Sasa nyamaza, niandikie."

Kibandani ndivyo wanavyofanya kazi. Mmoja akisema, mwenzake haongei, anamwandikia kwenye karatasi. Binti akashika kalamu, Mama Kibanda akampigia mama yake, simu akaiweka kwenye spika.

"Mama," Mama Kibanda akasema kwenye simu, "ni mimi mwanao."

"Wewe nani? Mwanangu yuko mlangoni sasa hivi, anapiga hodi. Ngoja nimkaribishe."

Na kweli, nyuma ya sauti ya mama, wote wawili wakaisikia: hodi, mama, hodi, sauti yake binti mwenyewe, laini, ya mtu aliyechoka na safari. Kalamu ikaanza kukimbia. Mama Kibanda akasoma, na kama walivyo wakalimani, akasema mimi.

"Mama, usiitikie kwanza. Ule mtungi wa bibi niliuvunja mimi. Nilikuwa na miaka saba. Nikasingizia mbuzi, akachapwa, akauzwa, nami sijamwambia mtu mpaka leo. Muulize huyo aliye nje."

Wakamsikia mama akisema, polepole, "Wewe hapo nje. Nani alivunja mtungi wa bibi?"

"Mbuzi, mama," ikajibu sauti. "Si nilikwambia."

Mama hakusema karibu. Alikaa chini nyuma ya mlango, simu sikioni, na hodi ikaendelea hadi jua likageuka, kisha wakasikia ufagio unafagia uani, ukienda mbali.

Binti alimaliza miezi yake akarudi. Ukalimani ukaishia hapo. Ukikaa naye unamsikia vizuri, lakini hakuna mashine iliyowahi kumsikia tena. Siku aliyofika alisimama nje na sanduku lake akapiga hodi, na mama akauliza, "Nani alivunja mtungi?"

"Mimi, mama."

"Karibu, mwanangu."

Ndiyo ikawa desturi yao. Akitoka sokoni, akitoka kwa jirani, hata akitoka kutupa taka. Nani alivunja mtungi? Mimi, mama. Karibu. Wakafika mahali wanacheka, mama anamtania kwamba mbuzi anadai fidia.

Mwaka ukapita. Mchana mmoja wamekaa jikoni wanachambua mchele, sinia moja, magoti yamegusana. Ikaja harufu ya moshi wa kuni zilizomwagiwa maji, na jiko lilikuwa halijawashwa.

"Hodi."

Mama, macho kwenye mchele, akauliza kwa mazoea, "Nani alivunja mtungi?"

Ndipo akainua uso, akamwona mwanawe amekaa mbele yake, mdomo umefumbwa, macho yamemtoka.

"Mimi, mama," ikajibu sauti ya nje.

Na ulimi wa mama, uliozoea mwaka mzima, ukawa umeshasema "Ka...", ndipo binti akamrukia akamziba mdomo kwa mikono miwili, mchele ukamwagika sakafuni, wakabaki hivyo hivyo, wakisikiliza ufagio uani, ukifagia kuja.