Radhi ya Jael

Wanawake waliosimama kumpa radhi Bwana Ngumbao walikuwa saba, na Mbeyu alipokaa kuisikiliza rekodi ya shughuli ile alihesabu sauti nane.

Akahesabu tena. Alikuwa fundi wa sauti kwa miaka kumi na mmoja, mtu wa kumsikia mbu akipita nyuma ya mwimbaji, na masikio yake hayakuwa na mazoea ya kumdanganya. Ilikuwa saa tano za asubuhi, jua limejaa uani, Everlyne yuko jikoni anapasha maharagwe. Mbeyu akairudisha rekodi nyuma na kuzibana hedifoni kwa viganja. Auma: nimekuwia radhi. Everlyne: nimekuwia radhi. Emmah naye, na wengine watatu, mpaka zamu yake mwenyewe: "Mimi Mbeyu nimekuwia radhi, na Jael naye amenituma. Amekuwia radhi."

Halafu, karibu kabisa na maikrofoni, kama mtu aliyeugusisha mdomo wake hapo: "Sijamtuma mtu."

Ilikuwa sauti ya Jael. Na Jael hakuwa amekanyaga nyumba ile kwa miaka miwili.

Tuseme ukweli mapema, maana Mbeyu mwenyewe alichelewa kuusema. Ngumbao alikuwa mkurugenzi wa vipindi wa Sauti za Kisiwani, kampuni ndogo ya michezo ya redio iliyopanga nyumba kuukuu ya mawe huko Mji wa Kale, nyumba yenye kuta nene zisizopitisha kelele za mtaani. Wala hazikutoa za ndani. Jael, mwigizaji wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyesema kwanza mambo aliyofanyiwa na Ngumbao katika chumba cha kurekodia, mlango ukiwa umefungwa na taa nyekundu inawaka. Wenzake wawili walioacha kazi zamani wakasema yale yale. Ngumbao akaondolewa "kwa heshima," yaani akaagwa kwa keki.

Miaka miwili ikapita. Michezo ikapwaya, wasikilizaji wakahama, na Bwana Ronald, mwenye kampuni, akaanza kusema kwamba mtu ameadhibiwa vya kutosha, kwamba kila binadamu hukosea, kwamba hakuna mwingine Mombasa nzima anayejua kutunga mchezo kama yule. Wengine walisema arudi, wengine walisema asirudi, na waliosema asirudi walisema kwa kunong'ona. Ngumbao mwenyewe ndiye aliyewatafutia njia. Alitoka Makka kwa Umra, akaja na kanzu nyeupe na tasbihi, akaomba radhi kwa wote aliowakosea. Watu wa pwani huomba radhi kabla ya safari hiyo, si baada yake, lakini hapakuwa na wa kumkumbusha.

Basi udi ukafukizwa, halua ikakatwa, kahawa ikamiminwa, na maikrofoni ikawashwa ili shughuli itangazwe na watu wajue mambo yamekwisha. Utamnyimaje mtu radhi mbele ya sinia la halua, na mwajiri wako ameketi anakutazama mdomo? Lililopungua ni neno la Jael tu. Ronald alikuwa amemtuma Mbeyu alifuate. Mbeyu alikwenda hadi Tudor alikokaa Jael, akapanda ghorofa ya tatu, akasikia ndala zikiburuzwa ndani, akainua mkono abishe hodi. Aibu ikamshika. Alishuka ngazi kwa ncha za vidole kama mwizi, akarudi kumwambia Ronald, "Amekubali." Alikuwa na watoto wawili na hofu ya kukosa kazi. Hakukuwa na sababu nyingine kubwa kuliko hiyo.

Sasa akaifuta ile sauti ya nane. Mchana ikawa imerudi. Akaifuta tena, akahifadhi rekodi mpya kwa jina jipya, na alipoifungua, yale maneno mawili yalikuwa yamesogea: hayakuwa tena mwishoni, yalikuja baada ya kila mwanamke, mara saba, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto.

Nyumba ile ilikuwa na mwenyewe, naye hakuwa binadamu. Hilo kila mtu Mji wa Kale alilijua. Zamani ndoa na mauziano ya mashamba yalifungwa katika ukumbi wake kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoa kauli ya uongo mle. Watu wa kampuni walilifanyia mzaha jambo hilo, ila kila Alhamisi walifukiza udi kidogo, kwa mazoea. Tangu siku ya radhi, harufu ya udi ule haikutoka. Ilikaa kwenye mapazia na kwenye sifongo za maikrofoni, na chini yake ikaanza kuja harufu nyingine, ya nywele zilizoungua. Chumba cha kurekodia kikiwa kitupu, mlango wazi, Mbeyu alisikia kwenye hedifoni mtu akivuta pumzi humo kwa utaratibu, kama mwigizaji anayengoja kupewa ishara aanze.

"Majini wa siku hizi wajua mitambo?" Ngumbao, aliyekwisha kurudishiwa kiti chake, alicheka alipoambiwa. "Mwacheni, tutampa nafasi kwenye mchezo."

Siku ya nne koo la Mbeyu likakauka. Siku ya sita akampigia simu Ronald kuomba ruhusa ya ugonjwa, akasema sentensi moja tu kabla ya kukatizwa.

"Jael," Ronald akasema kwa sauti ya chini, "nilikwambia usinipigie mimi. Zungumza na wakili." Akakata simu.

Mbeyu akabaki ameshika simu. Akasema jina lake mwenyewe kwa sauti, hapo chumbani peke yake, na lililotoka lilikuwa jina lake kweli, lakini limetamkwa na Jael.

Alichukua tuktuk mpaka Majengo, kwa Bi Mwanakuu, mwanamke aliyejulikana kwa kupunga pepo na kwa kutowaonea haya watu waongo. Bi Mwanakuu alimsikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo, na kila Mbeyu alipofungua mdomo yule bibi alimtazama shingoni badala ya usoni.

"Huyu si wa kupungwa, mwanangu," alisema mwisho. "Hupungwa aliyekuja. Huyu nyinyi ndio mliomkuta."

"Ataka nini, bibi? Kafara? Mbuzi nitamtafuta."

"Mbuzi amfanyie nini? Umempa neno la mtu bila ya mwenyewe kujua. Akija kuuliza nani alolisema, akukuta wewe. Sasa akuvisha sauti ya mwenye neno, maana ndivyo ulivyojitia mwenyewe. Ukikaa hivi siku arubaini, yako hutaiona tena."

"Nifanyeje?"

"Nenda kwa mwenye neno, ukamkabili. Kisha urudi pale pale, mbele ya wale wale, ulitangue." Aliweka ungo chini. "Na usimwambie nimekutuma mimi. Kutumana kumeshatosha."

Siku iliyofuata Mbeyu akapanda tena zile ngazi za Tudor, na safari hii akabisha. "Hodi," alisema. Ndala ziliburuzwa zikaja mpaka mlangoni, zikasimama.

"Nani huyo," sauti ile ile ikauliza kutoka ndani, "anayebisha kwa sauti yangu?"

Jael alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda. Mbeyu akamweleza yote, na lilikuwa jambo la kutisha kwa wote wawili, mtu kusikia kosa alilofanyiwa likikiriwa kwa sauti yake mwenyewe, mpaka Jael akajiziba masikio na kumaliza kusikiliza kwa kumtazama midomo.

"Nimekuja kukutaka radhi, mdogo wangu," Mbeyu alisema.

"Sikupi."

Chini mtaani mtu alikuwa akiuza maji ya kunywa kwa kipaza sauti.

"Miaka miwili watu waulizana kama arudi au asirudi," Jael akasema. "Redioni, makanisani, hata mama'ngu ameulizwa sokoni yeye aonaje. Nani aliwahi kuniuliza mimi kama nitarudi? Nilikuwa na kazi pia. Nilikuwa naipenda kuliko alivyoipenda yeye." Alishika kitasa. "Radhi sikupi, dada Mbeyu, na wajua ni kwa lipi. Lakini ukawaambie sikukutuma. Hilo tu ndilo ninalokutuma."

Mbeyu alifika kazini alasiri, na taa nyekundu juu ya mlango wa chumba cha kurekodia ilikuwa inawaka. Pazia la dirisha la kioo lilikuwa limefungwa. Auma alikuwa mezani kwake, ameikazia macho karatasi ambayo haikuandikwa kitu.

"Nani yumo?" Mbeyu aliuliza. Auma alishtuka kwa sauti ile, akageuka, akamwona ni Mbeyu, akazidi kushtuka.

"Beverly," alinong'ona. Beverly alikuwa na wiki tatu kazini. "Bosi anamjaribu sauti."

Mbeyu akachukua hedifoni akavaa, na humo akamsikia Ngumbao akisema kwa upole kwamba msichana asogee, asogee tena, maikrofoni haiumi, na akaisikia pumzi ya Beverly, fupi, ya juu juu, na nyuma ya pumzi hizo mbili akaisikia ya tatu, ile anayoijua, ikivutwa taratibu na kushikiliwa na kutoachiwa, ikishikiliwa kupita kifua cha binadamu yeyote kinavyoweza, huku harufu ya nywele zilizoungua ikitoka chini ya mlango na kupanda ukutani na kumjaa mdomoni, na watoto wake wawili wakimwambia kaa na ile miaka kumi na mmoja yote ikimwambia zima mtambo uende nyumbani kama ulivyozoea, mpaka akaona mkono wake mwenyewe uko kwenye kitasa, na kitasa kilikuwa cha moto.

Akafungua.

Beverly alitoka kwanza, ubavu ubavu, ameushikilia mtandio kifuani kwa mikono miwili. Hakumtazama mtu. Auma akasimama, Everlyne na Emmah wakaja kutoka jikoni, na Bwana Ronald akateremka ngazi kuuliza ni nini.

"Wote mlikuwapo siku ile," Mbeyu alisema, kwa sauti ya Jael, na Ronald akashika ukuta. "Nilisema Jael amenituma. Ulikuwa uongo. Nilifika mlangoni pake nikarudi. Jael hakunituma, hajampa mtu radhi, na neno lile nalitangua mbele yenu." Hapo katikati koo likamkata kama limepitishwa uzi, na yaliyofuata yakatoka kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kukwaruza, aliyokuwa ameisahau. "Na yangu naitangua pia. Mimi Mbeyu sijamwia radhi. Niliogopa."

Harufu ikaondoka mara moja, kama mlango umefunguliwa upande wa pili. Mbeyu akahisi shingo yake nyepesi, akadhani imekwisha.

Ngumbao alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kurekodia, anatabasamu na kunyoosha kanzu. Alikuwa amekabiliana na mabaraza makubwa kuliko lile. Akamtazama Ronald kwa namna ya wanaume wawili wanaoelewana, akafungua mdomo ajitetee.

"Bosi niache niende," alisema. "Mama ananingoja chini."

Ilikuwa sauti ya Jael. Ngumbao akaufumba mdomo, macho yamemtoka. Akaziba kwa kiganja, akaongeza cha pili, na sauti ikaendelea kutoka kati ya vidole, wazi, bila haraka. Ilimaliza yote aliyoyasema Jael siku ile alipofungiwa mlango, kisha ikabadilika, ikawa ya msichana mwingine ambaye hakuna aliyemtambua isipokuwa Auma, kwa maana ilikuwa yake mwenyewe, miaka tisa nyuma, inaapa kwamba haitamwambia mtu. Auma, ambaye siku zote alisema yeye hakuwahi kuguswa, akakaa sakafuni taratibu.

"Zima mtambo!" Ronald alipiga kelele. "Mbeyu, zima hicho kitu!"

"Umezimwa," alisema Mbeyu.

Ikaja ya Everlyne. Zikaja za wale wawili walioacha kazi, na za wengine ambao hawakusema popote. Wanawake hawakukimbia. Walisimama, kila mmoja akingoja, na Ngumbao akapiga magoti akijikwaruza mdomo hadi damu, na maneno yakampita tu, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa miaka.

Kisha ikaja sauti ya mwisho, na hiyo haikuwa ya mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile mlango umefungwa. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa nje yake siku ile, hapo hapo kwenye mtambo, aliyemwona Jael akitoka analia, akamvutia pembeni na kumnong'oneza. Wote wakageuka kumtazama Mbeyu, naye akaisikia sauti yake ikitoka katika mdomo wa Ngumbao, ya upole, ya dada mkubwa:

"Jifute uso, Jael, wenzako wasikuone. Utatuponza sote."