Kitufe cha Karibu

"Hata jini haliingii humu bila ruhusa yangu," alijigamba Inspekta Himyar, siku alipomwekea jirani yake Bi Mwatumu ngome ya kulinda mtandao wa nyumbani, pale Ngamiani.

Jumatatu asubuhi akaitwa. Kompyuta ilikuwa tupu. Sauti zilizorekodiwa za marehemu Mzee Hatibu, ambazo Bi Mwatumu, mjane wake, huzisikiliza kila alasiri, zilikuwa zimefutwa zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Jini lako limeingia."

Himyar akafungua kumbukumbu za ngome. Alikagua kanuni mojamoja, kama mtu anayesaka tundu kwenye chandarua. Tundu hakuna. Ila Jumapili, saa kumi alasiri, simu moja iliyoko mbali iliruhusiwa kuingia kwenye kompyuta. Ilikuwa imejitaja kwa jina: Sele Hatibu.

Mwizi mwenye adabu zake.

Sele, mtoto wa nyumba ile, alikutwa kwake Makorora.

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Na simu yako?"

"Nayo hapahapa."

"Mbona ilionekana Ngamiani? Ilikuaga?"

Sele akacheka kidogo. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nilitaka kufuta moja tu. Ile ya mwisho. Baba yu kitandani, anauliza, 'Sele yuko wapi?' Mara tatu. Ni mwendo wa baiskeli tu, Himyar, nami sikwenda. Tulikuwa tumenuniana. Sasa kila nikimwendea Mama alasiri, nakuta naitwa. Nikakosea kubonyeza, nikafuta zote."

"Nakala unayo?"

"Sina."

Himyar alirudi Ngamiani, akaketi kwa Bi Mwatumu na jalada lake. Akaandika: mtuhumiwa alivunja ngome kwa ustadi mkubwa.

"Nisomee," alisema Bi Mwatumu.

Akamsomea.

"Hakuvunja. Alipiga hodi." Mama akamsogezea simu yake. Ujumbe wa ngome ulikuwa bado upo, kama Himyar alivyoutunga mwenyewe kwa utani: Hodi, kuna mgeni mlangoni. Chini yake vitufe viwili, Karibu na Hatupo.

"Mimi nipo," alisema Bi Mwatumu. "Mtu kapiga hodi, nimwambie hatupo?"

"Ulikuwa mzaha, Mama."

"Nami nikauitikia, nikabonyeza Karibu. Mume wangu kaondoka mara ya pili." Akamrudishia kalamu iliyokuwa imemdondoka. "Sele umeshamwandika. Sasa jiandike na wewe."