Kipimajoto cha Msimamizi

Jua la saa saba, badala ya kulala mnanisumbua niwasimulie habari ya baba yenu! Mara ya ngapi hii, na kila mara mnaishia kuning'ang'ania nguo? Haya, kaeni. Atakayelia, alie kimya.

Baba yenu alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba ya gesi. Siku hiyo walilijaza bomba jipya hewa, wakalifunga, wakakaa kutazama mshale wa presha. Mimi shule sikukaa, lakini baba yenu, mkwe wangu, alishanieleza: hewa ikipoa presha hushuka, ikipata joto hupanda. Ndiyo maana kipimajoto hufukiwa mchangani kando ya bomba, ili mshale ukishuka ijulikane kama ni baridi au linavuja.

Msimamizi hakutaka kuchomwa na jua. Kipimajoto akakiweka mezani kwake ofisini, mbele ya kiyoyozi. Mshale ukashuka.

"Bosi, linavuja," baba yenu akamwambia.

"Ni baridi tu. Kipimo si hiki hapa?" Akaandika, akatia sahihi.

Baba yenu akashuka mtaroni na povu la sabuni la kupaka bomba, maana hupasuka panapovuja, akalitafute tundu mwenyewe. Bomba likapasuka. Tulizika kilichopatikana.

Ripoti ikasema fundi ndiye aliyechomelea vibaya. Marehemu hana mdomo! Nikaenda ofisini mara sita jina lake lisafishwe. Mara njoo kesho, mara mkubwa kasafiri, mara "bibi, haya ya kitaalamu huyawezi." Mara ya saba sikupiga hodi. Umeme ulikuwa umekatika, kiyoyozi kimezima, msimamizi anajipepea kwa faili.

"Wewe tena, mama?"

"Mimi tena. Futa uongo wako."

"Karatasi ikishasainiwa, imesainiwa."

Hapo jasho likanikauka mgongoni. Ghafla. Pale mezani kipimajoto kilikuwa kinashuka, na dirishani nawaona watu wamevua mashati kwa joto. Pumzi ya msimamizi ikatoka moshi.

"Mama," akanong'ona, "unasikia?"

Nilisikia. Chini ya meza. Povu la sabuni likipasuka. Moja. Kimya. Moja tena.

Kisha sauti ya mkwe wangu, taratibu, kama mtu asiye na haraka:

"Bosi. Linavuja."

"Ni baridi tu," akajibu, mjinga yule, kwa mazoea.

Barafu ikatanda mezani. Ikamfikia vidole. Ikapanda.

Akapiga yowe. Mnadhani nilimhurumia? Nilimsogezea karatasi. "Andika."

Mkono wa kulia ulikataa kukunjika. Akaandika kwa wa kushoto, herufi zimelala kama walevi. Mama yenu ndiye aliyenisomea: kipimajoto kilikuwa ofisini, fundi hakukosea. Nikaipeleka kwa wakubwa mwenyewe, ripoti ikabadilishwa.

Hospitalini daktari aliuliza mara mbili: katika joto hili, barafu ya kumuunguza mtu hivi aliipata wapi? Vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Wakamkata vitatu, gumba na viwili vinavyolifuata, vile vya kushikia kalamu.