Namba Saba kwenye Hita ya Bibi Lorraine

Jua la Januari lilikuwa linazama nyuma ya mifereji ya Cape Coral, na baridi ambayo watu wa Florida huiogopa kuliko kimbunga ilikuwa imeshaingia, Wendell Pruitt alipofika kutengeneza hita ya bwawa la kuogelea. Anwani aliijua vizuri. Alitamani kukataa kazi, ila angetoa sababu gani?

“Wajukuu wanatua kesho kutoka Ohio,” alisema Bibi Lorraine, aliyeinunua nyumba ile mwaka jana. “Hita inawaka, inazima, inaniandikia saba. Saba ndiyo nini, fundi?”

“Moshi umekosa pa kutokea, mama. Huenda mjusi kahamia kwenye bomba.”

“Mwambie nyumba hii ina mwenyewe!”

Wendell alicheka, akashika njia ya chumba cha mashine. Kijumba hicho cha matofali, chenye mlango wa chuma, ndimo alimofia Dale Kessler, mwenzake kazini kwa miaka kumi na miwili.

Bomba la moshi likiziba, swichi huzima moto na kioo huandika saba. Fundi akitaka kuipima swichi hiyo huifungia kipande cha waya, mashine ikadhani njia ni nyeupe. Dakika moja tu, kisha waya hutolewa. Miaka mitatu iliyopita Wendell aliuacha. Ilikuwa Ijumaa, alikuwa na haraka. Jumatatu Dale akaingia kusafisha chujio, upepo ukaufunga mlango, na moshi wenye sumu, uliokosa pa kutokea, ukammaliza. Ndani ya kifuniko cha hita hubandikwa kadi ambayo kila fundi huandika alichofanya na jina lake. Kabla wachunguzi hawajafika, Wendell aliandika: *Waya. Dale.*

Mji mzima ukasema Dale alijiua kwa uzembe. Ramona, mjane wake, aliacha hata kwenda kanisani.

Wendell alimulika bomba. Safi. Akazima hita, akahesabu hadi thelathini, akawasha.

Saba.

Akafungua kifuniko. Kadi ilikuwepo. Na kwenye swichi… waya mwekundu, umesokotwa mara tatu, kama anavyosokota yeye. Waya ule aliutupa mferejini kwa mkono wake, wachunguzi walipoondoka. Halafu, waya ukiwa umefungwa, saba haiwezi kutokea. Haiwezi kabisa.

Mlango ukajibamiza.

Alikizungusha kitasa. Kilizunguka bure.

“Bibi Lorraine! Mama!”

Kilichomjibu ni *tik… tik… tik…* na moto ukawaka. Akafunga valvu ya gesi. Moto uliendelea. Akaung’oa waya. Alipotazama tena ulikuwa mahali pake. Kichwa kikaanza kumgonga, na ikaja harufu ya mdalasini. Dale alikuwa akitafuna njiti za mdalasini kutwa nzima.

“Nani aliandika?”

Sauti ilikuwa nyuma yake, ya taratibu, kama ya mtu anayeuliza bisibisi iko wapi.

“Dale… ndugu yangu… niache nitoke.”

“Nani aliandika, Wendell?”

Akajilaza sakafuni kutafuta hewa. Aliogopa kufa, lakini hata pale, sakafuni, alikuwa bado akitafuta uongo utakaomfaa. Hakuupata. Akaitoa kalamu mfukoni, akalifuta jina la Dale kwenye kadi, akaandika la kwake.

Mlango haukufunguka.

“Sema.”

“Ni mimi!” alilia. “Waya niliufunga mimi, nikausahau! Kadi niliandika mimi! Dale hakukosa kitu, hakukosa kitu!”

Moto ukazimika. Mlango ukaachia wenyewe, na baridi ikaingia.

Bibi Lorraine alikuwa pale nje, amejifunika shali. “Fundi, mbona umelowa jasho? Mlango ulikuwa wazi muda wote, nilikuwa nakutazama kutoka jikoni.”

Simu ilikuwa inanong’ona mfukoni mwa Wendell. Aliitoa. Ilikuwa imempigia mtu, dakika kumi na moja zilizopita, namba ambayo hakuthubutu kuigusa kwa miaka mitatu.

Ramona.

Aliiweka sikioni. Upande wa pili mwanamke alikuwa akilia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

“Nimesikia yote, Wendell. Kesho utawaambia na wengine.” Akavuta pumzi. “Lakini niambie kitu kimoja…”

“Sema, Ramona.”

“Mbona Dale ameongea na wewe tu, mimi hakuniaga?”