Jina la Lovie

"Huyo mtoto ni wa nani?"

Jirani yetu, Bibi Gaither, aliniuliza hivyo bila hata salamu. Nilikuwa nachambua mboga kama kila jioni, na Lovie wangu anasoma kwa sauti herufi alizofundishwa kwenye shule ya kanisani. Bibi Gaither aliweka mezani keki ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa, iliyofungwa kwa kitambaa. Swali lake lilinitia baridi, maana kabla ya vita vya Marekani vilivyokomesha utumwa mama huyo alinimiliki kama mtumwa, na Lovie nilimzalia jikoni kwake.

"Ni wangu, na unajua."

"Shangazi, usinichoshe." Wazungu wa kwetu Georgia walituita hivyo wanawake weusi wote, wasije wakatuita Bibi kwa heshima. "Jana njiani kasema hana mama, na jina lake ni Lovie Gaither. Mpwa wangu alisikia. Kesho twende kwa hakimu."

Niliiacha mboga. Sheria yao iliruhusu mtoto asiye na wazazi apewe bwana wake wa zamani, amtumikie mpaka awe mtu mzima.

"Lovie, ulisema hivyo?"

Lovie aliitazama keki. "Bibi huyu alisema keki ni za watoto wa kwake tu. Nikasema mimi ni wa kwake, sina mama."

"Umemsikia?" Bibi Gaither alicheka. "Na hilo jina la Ransom mmeliokota wapi? Mbwa wangu ana jina la heshima kuliko nyinyi."

"Mume wangu alilichagua alipoingia jeshini. Akafa nalo, akipigana ili tuwe huru." Nikamgeukia mwanangu. "Sema kweli, mbele yake."

Lovie akasimama. "Nilidanganya. Mimi ni Lovie Ransom. Baba alikufa vitani. Mama yangu ni huyu, na kesho nitamwambia hakimu hivi hivi. Mchungaji ananijua, na mwalimu pia."

"Keziah, mtoto wako hana adabu."

"Bibi Ransom," Lovie alimsahihisha, sauti ikiwa ndogo.

Nilimshika bega. "Mwanangu, Mungu ametutoa kwenye minyororo. Usimpe mtu jina lako kwa sababu ya kitu cha kutafuna. Uongo uliokuwa mdogo kwako, mwingine alikuwa anautumia kukujengea gereza. Ukiteleza, rudi kwenye kweli upesi, hata kama unatetemeka."

Lovie akaichukua ile keki, akakaza fundo la kitambaa, akamrudishia mwenyewe.

Bibi Gaither aliipokea, akatoka, na kesho yake hakwenda kwa hakimu.