Jina Lililokosa Mwenyewe

Kila Jumamosi, kabla chai haijachemka, Spika alikuwa ameshafagia vipande vya nguo na kuokota pini chini ya cherehani ya shangazi yake, fundi wa sare za shule. Spika lilikuwa jina la utani. Wenzake wa darasa la sita walimbandika kwa sababu akianza kuongea, hata mwalimu husubiri zamu. Mwenyewe hakuchukia, alilivaa kama kofia mpya.

Jumamosi hiyo alikuwa na shughuli kubwa. Kiwanja kilichokuwa jalala, kando ya barabara ya kupandia kilima, nusu ya njia, kilikuwa kimegeuzwa na ofisi ya jiji kuwa bustani yenye nyasi na mabenchi. Sasa ofisi ilitaka wakazi wenyewe waipe jina, na mwalimu alimteua Spika apite nyumba kwa nyumba kuwauliza. Jina lisipopatikana, kibao kingeandikwa "Bustani Namba Nne", na habari ingeishia hapo.

"Kumbuka kusikiliza," shangazi alimwambia, uzi ukiwa mdomoni.

"Shangazi, hiyo kazi ihesabu imekwisha."

Kumbe jina alikuwa nalo tayari: Bustani ya Almasi. Basi akawa anabisha hodi na kusema kwa pumzi moja kwamba bustani itaitwa Almasi, jina zuri sana, au siyo? Muuza mkaa, aliyekuwa anampimia mteja, alisema ndiyo. Mama wa mapacha, mmoja akilia na mwingine akimwaga maziwa, alisema ndiyo mwanangu, ndiyo. Fundi baiskeli aliitikia bila kuinua kichwa kutoka kwenye gurudumu. Kinyozi alifungua mdomo aseme kitu, lakini Spika alikuwa ameshafika mlango wa pili. Adhuhuri ilimkuta nyumbani, akipiga mluzi.

Kesho yake jioni wakazi walikusanyika bustanini. Afisa wa bustani, mama mrefu mwenye viatu vilivyojaa vumbi, alisimama kando ya kibao cheupe. Mchora mabango alikuwa ameshachovya brashi. Afisa akalitaja jina aliloletewa na Spika, akaomba waliolichagua wanyooshe mikono.

Haukunyooka hata mmoja. Mama wa mapacha alimtazama muuza mkaa. Muuza mkaa akatazama vidole vyake vya miguu.

"Almasi?" kinyozi akauliza. "Hapa tumefukua chupa na viatu vibovu. Hiyo almasi aliiona nani?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Afisa hakucheka. Alisema jina lisilo na mwenyewe haliandikwi, na kwamba kama mambo ni hayo, Namba Nne itatosha. Kisha akamgeukia Spika, akamuuliza kama kweli aliwauliza watu.

Masikio ya Spika yaliwaka moto. Angeweza kujitetea kwamba wote walisema ndiyo, na usingekuwa uongo. Lakini alijua walivyoisema hiyo ndiyo.

"Niliwauliza," akasema, na safari hii sauti yake haikufika mbali, "ila jibu nilienda nalo mwenyewe. Sikumpa mtu nafasi. Naomba nirudie."

Afisa akampa hadi kesho jioni. Mchora mabango akafunika kopo lake huku akinung'unika.

Siku iliyofuata, baada ya masomo, Spika alianzia kwa kinyozi. Aliuliza swali moja tu: ninyi pale mnapaitaje? Kisha akafunga mdomo, jambo lililomtoa jasho kuliko kilima chenyewe. Kinyozi alisema yeye hupaita Tua Mzigo, kwa kuwa tangu zamani anayepanda na gunia kutoka sokoni hulitua pale, avute pumzi, ndipo aendelee. Muuza mkaa akasema hivyohivyo. Fundi baiskeli alisema Penye Nzi, kisha akakubali kwamba nzi wenyewe wamehama.

Mama wa mapacha alimkalisha, akampa mtoto mmoja ampakate. Akamsimulia jinsi uchungu ulivyomkamata njiani, akatua kikapu pale, na wapita njia asiowajua wakambeba hadi hospitali.

"Nikisema Tua Mzigo," akamalizia, "nawakumbuka wale watu."

Jioni, afisa alipotamka Tua Mzigo, mikono ilipaa kabla hajafika mwisho. Ukazuka ubishi mkubwa juu ya nani aliyelianzisha jina hilo. Hata fundi baiskeli alinyoosha wake, wa mwisho kabisa, na brashi ikaanza kazi.

Watu walipotawanyika, shangazi alifika akitoka sokoni na furushi la vitambaa. Akalitua kwenye benchi, akaketi, akaelezwa yote.

"Juzi uliwapelekea jina lako, wakakuitikia ili uondoke mlangoni," alisema. "Leo umeleta la kwao. Ukitumwa kuuliza, mwanangu, uaminifu ni kuleta ulichoambiwa, hata kama si ulichokitamani. Na ulipokosea ulisema mbele ya watu wote; hapo nimekuonea fahari." Akasimama, akasukuma furushi kuelekea kwake. "Haya, jitwishe. Kilima hakijaisha."